Kora, ngoni au bala: muziki wa Wamande uuingie kwa mlango upi?

Mtu akiniomba nimtajie muziki mzuri wa Mali au Guinea, mara nyingi huwa keshasikia kora. Ameisikia kwenye video fupi ya simu, au ikipigwa taratibu nyuma ya mazungumzo redioni, ikamkaa kichwani, sasa anataka zaidi. Kabla ya kumpa jina la albamu yoyote humuuliza: nyumbani kwenu mlikuwa mkisikiliza nini? Aliyelelewa na taarab, aliyelelewa na dansi na aliyelelewa na ngoma za harusi hawauingii muziki huu kwa mlango mmoja. Nimeona watu wakipewa mlango usio wao, wakasikiliza siku mbili, wakaacha, wakabaki wakisema muziki wa Afrika Magharibi ni wa kulalia. Linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu muziki huu umetengenezwa kumwamsha mtu na kumkumbusha yeye ni nani.

Nitaweka milango hiyo kando kwa kando, na nitasema wazi ninaupendelea upi.

Kwanza utangulizi wa lazima. Wamande ni jamaa kubwa ya watu wanaozungumza lugha za ukoo mmoja: Wamandinka wa Gambia, Senegal na Guinea-Bissau, Wamaninka wa Guinea, Wabambara wa Mali, Wadyula wa Cote d'Ivoire na Burkina Faso, na wengine wengi. Masimulizi yao yanarudi kwenye dola ya Mali iliyoasisiwa na Sunjata Keita katika karne ya 13. Muziki wao wa kurithi uko mikononi mwa watu wanaoitwa jeli, au jali kwa Wamandinka. Jeli huzaliwa. Anatoka kwenye koo kama Kouyaté, Diabaté, Kanté au Sissoko, na kazi yake ni kushika nasaba za watu kichwani, kuwasifu hadharani, kupeleka posa, kupatanisha waliogombana na kupiga ala. Kwa Kiswahili ingebidi tumchukue malenga, mshenga na mzee wa mila tuwaweke ndani ya mtu mmoja.

Ala zake kuu ni tatu: kora, ngoni na bala. Ngoni hii haina uhusiano na Wangoni wa Songea. Ni majina tu yamegongana.

Kora na ngoni

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, nami nitakaa hapa zaidi.

Kora humteka mtu kwa macho kabla ya masikio. Ni nusu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, na mti mrefu umekipenya kutoka chini hadi juu. Nyuzi ni 21: 11 za mkono wa kushoto, 10 za kulia, zimepita kwenye mikato ya daraja refu la mti. Zamani nyuzi zilisokotwa kwa ngozi. Leo ni mshipi wa nailoni, ule ule wa mvuvi. Mpigaji huielekeza kora kifuani kwake, akashika vishikio viwili kwa vidole vitatu vya kila mkono, na kazi yote ikabaki kwa vidole vinne: gumba mbili na shahada mbili. Gumba hubeba besi na mwendo wa katikati, shahada hupiga melodi juu yake. Ndiyo maana mtu mmoja husikika kama watu watatu.

Ukiisikiliza, fuata mambo mawili. Kuna kumbengo, yaani mzunguko wa msingi unaorudi na kurudi bila kuchoka. Na kuna birimintingo, pale mpigaji anapouacha mzunguko na kuteremsha noti kama shanga zinazomwagwa kwenye sinia, kisha akarudi palepale alipoachia. Ukishaweza kutofautisha viwili hivyo, kora inaacha kuwa mvua ya noti na inaanza kuwa na sura.

Kwa kora peke yake, bila sauti ya mtu, sijapata pa kumwanzishia mgeni pazuri kuliko kwa Toumani Diabaté, aliyezaliwa Bamako mwaka 1965 na kufariki humo humo Julai 2024. Albamu yake *Kaira* ya mwaka 1988 ni yeye na nyuzi zake tu. Kama kora moja inakuwa ngeni mno kwako, chukua *In the Heart of the Moon* ya mwaka 2005, ambayo alirekodi na mpiga gitaa Ali Farka Touré, mtu wa kaskazini mwa Mali ambaye si Mmande. Gitaa linakushika mkono huku kora ikizunguka. Ipo pia *New Ancient Strings* ya 1999, kora mbili, yake na ya Ballaké Sissoko. Jina hilo linakumbusha rekodi ya mwaka 1970 ambamo baba zao wawili walikuwa miongoni mwa wapigaji.

Lakini utamu wa kora ndio mtego wake. *Kaira* niliisikiliza karibu mwaka mzima nikiwa jikoni au nikifanya kazi, nikidhani naijua. Baadaye nikaja kuelewa kwamba karibu kila tuni kubwa la jeli lina mwenyewe, au lina kisa. "Duga", yaani tai, ni la mashujaa wa vita. "Kulanjan" ni la wawindaji. "Lamban" ni furaha ya majeli wenyewe. "Mali Sadio" ni maombolezo ya kiboko wa Bafoulabé, mahali mito Bafing na Bakoye inapokutana na kuwa mto Senegal. Kiboko aliyependana na watu wa mji ule, kisha akauawa. Mmande aliyekua na tuni hilo akilisikia kwenye kora isiyo na mwimbaji, maneno anayo kichwani tayari. Mimi nilikuwa nasikia mlio mzuri tu, na kitunguu kinaungua.

Ngoni haikuruhusu kufanya hivyo. Ni kidude kidogo: gogo jembamba lililochimbwa kama mtumbwi, likawambwa ngozi, likatiwa kijiti cha mviringo kama shingo. Nyuzi kwa kawaida ni nne. Msomaji wa pwani atamkumbuka kibangala, ile ala ya nyuzi ya wazee iliyokuwa na uso wa ngozi kabla udi wa mbao haujatawala taarab. Umbo ni jingine lakini sauti ni ya jamaa. Mlio wa ngoni ni mkavu na mfupi. Noti inagonga, inakufa. Kora hujaza chumba. Ngoni huacha nafasi, na nafasi hiyo ni ya mwenye kusema. Kwa karne nyingi ndiyo ala iliyokaa chini ya masimulizi marefu ya wafalme na vita, na watafiti huitaja miongoni mwa jamaa za mbali za banjo ya Marekani, iliyozaliwa kutokana na ujuzi ambao Waafrika waliotekwa utumwani walivuka nao bahari.

Wa kumsikiliza ni Bassekou Kouyaté, mzaliwa wa Garana karibu na Ségou. Alichofanya ni kikubwa. Ngoni hupigwa mpigaji akiwa ameketi. Yeye aliifunga mkanda akasimama nayo mbele ya jukwaa kama mpiga gitaa la solo. Akaiongezea nyuzi. Akaunda bendi ya ngoni za ukubwa mbalimbali, kutoka nyembamba inayolia juu hadi ile nene ya besi, akaiita Ngoni ba, yaani ngoni kubwa. Na mbele akamsimamisha mkewe, Amy Sacko, aimbe. *Segu Blue* ya mwaka 2007 ndiyo albamu ya kwanza ya kundi hilo. *Jama Ko* ya mwaka 2013 walianza kuirekodi Bamako Machi 2012, siku zile zile jeshi lilipopindua serikali na kaskazini ya nchi ikawa inaanguka mikononi mwa makundi yaliyokuja kupiga marufuku muziki. Ukiisikiliza ukijua hilo, ngoni zinasikika kama watu wanaozungumza kwa haraka kabla mlango haujafungwa.

Sasa zichague. Kama unataka cha kukutuliza usiku, au unapenda kusikiliza ala peke yake bila mwimbaji, chukua kora wala usijilaumu. Kama umelelewa na taarab, ukazoea kungoja mwimbaji afike kwenye neno lenyewe, chukua ngoni. Ukiniuliza mimi, kwa msikilizaji wa Kiswahili ngoni yenye sauti ya mwanamke juu yake ndiyo mlango bora, hata kama wengi watakuelekeza kwenye kora. Sisi tumezoea muziki unaomwambia mtu jambo, na ngoni inakuweka mbele ya msemaji tangu dakika ya kwanza.

Utasema: Kibambara sikijui, maneno nitayafuataje? Huhitaji kuyafuata yote. Sikiliza majina. Mwimbaji wa kike wa jeli, anayeitwa jelimuso, hupandisha sauti, akarefusha, kisha akataja: Keita, Traoré, Diarra, Coulibaly. Hapo anamwita mtu aliyeketi mbele yake kwa jina la babu zake, na anayetajwa huinuka, akamwekea noti za fedha mkononi au akazirusha miguuni pake. Sisi tunakuita kutunza, na tunajua vizuri vile mtu anavyoinuka kitini wimbo ukimgusa. Tofauti ni kwamba kwenye taarab mtu hutunza kwa sababu ubeti umemsemea la moyoni, na mara nyingi umefumbwa. Kwa jeli hakuna fumbo juu ya nani anayesifiwa. Ametajwa yeye, baba yake na waliomzaa baba yake, mbele ya watu wote, na sifa hizo ni mzigo pia: ukitajiwa babu aliyekuwa mkarimu, huwezi kukaa na mfuko umefungwa.

Kwa sauti hizo mtafute Kandia Kouyaté wa Kita. Mali walimpa lakabu ya "wa hatari" kwa jinsi sauti yake inavyomfanya mtu ajisahau. Alipata kiharusi mwaka 2004 akanyamaza miaka mingi, kisha akarudi na albamu mwaka 2015, sauti ikiwa imeshuka na imekwaruza. Kuna wanaopenda tu ile ya zamani. Mimi ile ya baadaye hunishika zaidi. Unamsikia akiyachagua maneno.

Bala, kwa anayetaka asili ya mambo

Bala, au balafoni, ni marimba. Fito za mti mgumu uliokaushwa kwa moto, kwa kawaida kama 17 hadi 21, zimepangwa juu ya fremu, na chini ya kila ufito kinaning'inia kibuyu. Kibuyu kimetobolewa, na tundu limezibwa kwa utando mwembamba unaofunika mayai ya buibui. Siku hizi wengi hutumia kipande cha plastiki. Utando huo ndio unaotia mvumo kama wa nyuki kwenye kila noti. Msikilizaji mgeni hudhani spika imepasuka. Hapana, mvumo ndio unaotakiwa, na aliyewahi kusikia ilimba ya Wagogo, ambayo nayo hutiwa utando wa buibui, hatashangaa.

Hakuna ala ya Wamande yenye kisa kizito kuliko hiki. Soumaoro Kanté, mfalme wa Sosso na adui wa Sunjata, alikuwa na bala ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Jeli wa Sunjata, Balla Fasséké Kouyaté, akaingia chumbani mwa mfalme akaipiga. Soumaoro akaja kwa hasira ya kuua, akasikia namna anavyosifiwa, hasira ikamtoka, akamzuia jeli yule awe wake. Vita vya Kirina, vinavyowekwa karibu na mwaka 1235, vilimwondoa Soumaoro, na bala ikabaki kwa ukoo wa Kouyaté. Ipo hadi leo Niagassola, Guinea, ina fito 20, na mlinzi wake hurithi kazi ndani ya ukoo huo. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2001.

Kuna shahidi mwingine, naye ni mtu anayejulikana pwani yetu. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa kwenye jumba la mfalme wa Mali mwaka 1352. Anaeleza jinsi mkalimani wa mfalme, Dugha, alivyoketi na ala iliyotengenezwa kwa matete yenye vibuyu vidogo chini yake, akaipiga kwa vijiti huku akiimba sifa za mfalme na vita vyake. Ni ala hii hii, na ni kazi hii hii.

Kwa kusikiliza, hata hivyo, bala peke yake ni ngumu kwa mwanzo. Kwa utaratibu wa zamani oktavu, yaani umbali kutoka noti hadi mwenzake wa juu mwenye jina lile lile, hugawanywa sehemu saba zinazokaribia kulingana, kwa hiyo sikio lililozoea kinanda cha kanisani au cha studio litasikia kama imepotoka. Ichukue ikiwa na wenzake: Trio Da Kali ni bala ya Lassana Diabaté, ngoni ya besi na sauti ya Hawa Diabaté, binti wa mwimbaji mkubwa Kassé Mady Diabaté wa Kela. Watu watatu tu, na hakuna kitu kinachokosekana.

Jeli au Wassoulou

Sasa kuna chaguo jingine ambalo watu wengi hawajui kama ni chaguo. Wanaweka Oumou Sangaré na Kandia Kouyaté kwenye kapu moja kwa kuwa wote ni wanawake wa Mali wenye sauti kubwa. Ni miziki miwili tofauti kwa chimbuko, kwa noti na kwa haki ya kuimba.

Wassoulou ni eneo la kusini mwa Mali linalovuka mpaka kuingia Guinea na Cote d'Ivoire. Watu wake wana majina ya Kifulani, Sangaré, Sidibé, Diallo, Diakité, lakini lugha yao ni ya Kimande. Huko mwimbaji hahitaji kuzaliwa jeli. Anayeimba huitwa kono, yaani ndege, kwa sababu anaimba kwa kuwa ana sauti. Hana deni la kumsifu mtu kwa nasaba, basi anaweza kumwambia yeyote lolote.

Ala yake ni kamale ngoni, na hapa jina linachanganya: si ile ngoni ya jeli. Hii ni kinubi cha kibuyu, ndugu mdogo wa donso ngoni ya wawindaji. Donso ngoni ni ala ya heshima na siri, ya watu wanaoingia porini na kurudi na wanayoyajua wenyewe. Vijana wakachukua umbo lake, wakalipunguza, wakaupandisha mlio wake juu, wakaanza kulichezea. Kamale ni kijana. Wazee hawakupenda kuona kitu cha wawindaji kikipelekwa kwenye dansi la usiku, lakini dansi likashinda. Mizani yake ni ya noti tano, besi inaruka na kusita, na waitikiaji wa kike wanajibu kila mstari.

Oumou Sangaré alizaliwa Bamako mwaka 1968. Baba yake aliondoka na kumwacha mama na watoto, na binti akawa anaimba kwenye sherehe za mitaani kusaidia nyumba. Alikuwa na miaka 21 hivi aliporekodi *Moussolou*, maana yake wanawake, na ndani yake akasema waziwazi juu ya uke wenza, ndoa za kulazimishwa na hamu ya mwili wa mwanamke. Kaseti ilienea Afrika Magharibi yote kama moto wa nyasi. Miaka thelathini baadaye Beyoncé alitumia kipande cha wimbo wake mmoja katika albamu ya mwaka 2019, na vijana wengi wakamjua kwa njia hiyo. *Worotan* ya 1996 ndiyo ninayowapa watu kwanza: ala zimejaa bila kumfunika.

Unachaguaje? Ukitaka wimbo unaokutaja na kukupa ukoo, nenda kwa jeli. Ukitaka wimbo unaokusema, nenda Wassoulou. Kwa masikio ya watu waliozoea ngoma za bara, za kuitikiana na kupiga makofi, Wassoulou huingia haraka zaidi kuliko kitu chochote nilichotaja hapa. Binti wa dada yangu, ambaye kora humchosha baada ya nyimbo mbili, aliiomba *Worotan* abaki nayo.

Kwa watu wa dansi

Jioni moja nilikuwa nimefungua Bembeya Jazz kwa sauti ya kutosha, na jirani yangu, mzee aliyeujua vizuri ukumbi wa DDC Kariakoo enzi zake, akapita mlangoni akasimama.

"Mwanangu, hao ni NUTA au Western? Mbona wimbo huo siujui?"

Nikamwambia, "Shikamoo baba, hao ni watu wa Guinea."

Akaketi. Gitaa la solo lilipoingia akanyanyua kidole kama mtu anayesema subiri. Aliomba lirudiwe.

Hakukosea sana. Santuri za Kuba zilifika Conakry na Bamako kama zilivyofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Dar es Salaam, na kote huko vijana wakashika magitaa, tumba na tarumbeta, wakajiita Jazz. Sisi tuna Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Wao wana Bembeya Jazz, iliyoundwa mji wa Beyla mwaka 1961. Na kama vile hapa chama cha wafanyakazi kilivyokuwa na NUTA Jazz yake, Guinea ya rais Sékou Touré ilizifanya bendi kuwa jambo la serikali: baada ya uhuru wa 1958 zile za kupiga nyimbo za Kifaransa zilivunjwa, wanamuziki wakalipwa mshahara, wakaambiwa wakachote kwenye ngoma za kwao. Hata askari wa kike walikuwa na bendi yao, Les Amazones de Guinée. Rekodi zilitoka kwa lebo ya serikali, Syliphone, ambayo jina lake limebeba neno la Kisusu la tembo.

Tofauti iko kwenye gitaa. Gitaa la dansi letu lina rumba ya Kongo ndani yake, na magitaa husukana. Gitaa la Guinea na Mali limejifunza kwa bala na ngoni. Linateremka kwa zile shanga nilizozieleza, kwa sababu wapigaji wengi walitoka kwenye koo za jeli. Sékou Diabaté wa Bembeya, aliyeitwa Diamond Fingers, ni mmoja wao. Djelimady Tounkara wa Rail Band, bendi iliyoanzishwa mwaka 1970 kwenye hoteli ya stesheni ya reli Bamako, ni mwingine. Kwa Bembeya tafuta *Regard sur le passé* ya 1969, masimulizi marefu ya Samory Touré, aliyepigana na Wafaransa hadi wakamkamata mwaka 1898. Mwimbaji wao Aboubacar Demba Camara alifariki kwa ajali ya gari Dakar mwaka 1973, na bendi haikuwa tena ile.

Kwa Rail Band unapata vijana wawili waliokuja kujulikana duniani. Salif Keita ni wa ukoo wa Sunjata, ukoo ambao husifiwa, hausifu. Kuchagua kuimba kulikuwa aibu nyumbani, na ualbino ulikuwa umekwisha kumtenga tangu utoto. Mory Kanté alikuwa jeli kamili, mpiga kora, na mwaka 1987 "Yéké Yéké" yake ilitoka ikauza zaidi ya nakala milioni. Kama hutaki historia, unataka kucheza tu, anza na huo. Lakini kwa Salif usianzie kwenye miziki ya vinanda vya miaka ya 80. *Moffou* ya mwaka 2002 ina gitaa na ngoni, na sauti yake haina kitu kilichoizuia.

Ngoma ya djembe nitaipita haraka. Wengi huijua tayari, haina ukoo wa kuipiga, na ukitaka kuisikia sawasawa isikie na dunun zake tatu, yaani ngoma za besi, pembeni, kama alivyopiga Mamady Keïta. Djembe bila dunun ni sentensi isiyo na kitenzi.

Kama unataka kupiga, si kusikiliza tu

Hapa mpangilio wangu unageuka. Ngoni niliyoisifu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu mzima anayeanza: shingo haina alama za kukuonyesha noti ilipo, na vidole vya kulia hugonga kwa namna ambayo bila mwalimu mbele yako hutaielewa. Kamale ngoni ndiyo rahisi. Noti tano, nyuzi chache, na hata ukikosea uzi bado unasikika unapatana na wenzake. Kora iko katikati. Mzunguko wa kwanza unaweza kuushika ndani ya wiki chache, birimintingo ni kazi ya miaka. Zamani wanawake wa jeli waliimba na wanaume wakapiga, lakini Sona Jobarteh wa Gambia amefungua njia, na ana shule yake huko huko Gambia.

Ukiitafuta mitandaoni, jua kwamba majina yanaandikwa namna mbili kwa sababu ya wakoloni wawili. Diabaté wa Mali ni Jobarteh wa Gambia. Kouyaté ni Kuyateh. Sissoko wa Mali ni Cissokho wa Senegal. Ukitumia tahajia moja tu unapoteza nusu ya wapigaji.

Na kama unakaa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, usinunue kora yenye pete za ngozi hata kama ndiyo nzuri kwa macho. Pete hizo huzungushwa kwa nguvu za mikono miwili kupanda au kushuka shingoni, uzi mmoja baada ya mwingine, mara 21. Kwenye hewa kavu ya Bamako zinakaa. Kwetu unyevu wa masika unailegeza ngozi ya kibuyu, daraja linazama, na asubuhi nyuzi zote zimeshuka. Chukua yenye funguo za chuma kama za gitaa, iweke mbali na dirisha, na uilegeze kidogo kabla hujalala.